Nani Atamtibu Mbwa wa Maskini?

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Juma hili nataka tuzungumze habari za mbwa na paka. Najua wapo watakaoguna. Watasema: dunia ina njaa, wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja, na huyu bwana anatuletea habari za mbwa koko na paka shume! Naomba uvumilivu wako. Mguno huo ndio hasa ninaotaka tuuzungumze, maana si mgeni. Ulisikika London mwaka 1860, ukasikika tena mwaka 1917, na mara zote mbili historia ilikuwa na jibu lake.

Kwanza nikusimulie jambo ambalo wengi waliokulia mjini wanalijua. Nilipokuwa mtoto, ilikuwa kawaida siku moja moja alfajiri gari kupita mtaani na watu wenye bunduki. Mama alikuwa akituita: "Ingieni ndani, leo wanapiga mbwa." Tulikaa chini ya dirisha tukihesabu milio. Palikuwa na bibi mmoja mtaani kwetu aliyeuza genge la nyanya na vitunguu. Alikuwa na mbwa mwekundu aliyelala chini ya meza ya genge, na kwa sababu ya mbwa huyo hakuna aliyethubutu kuiba hata fungu moja la mchicha. Siku hiyo alipigwa risasi palepale chini ya meza. Bibi akauliza, "Jamani, kosa lake nini?" Akajibiwa, "Hana mkanda." Mkanda wa shingoni uliuzwa dukani, na chanjo ilikuwa mbali, na bibi yule aliishi kwa faida ya nyanya.

Haikupita miezi mingi mtaa ukawa na mbwa wengine, wengi kama wale wa kwanza, nao hawakujulikana na mtu. Mwaka uleule mtoto tuliyesoma naye darasa moja aling'atwa mguuni. Kidonda kilikuwa kidogo, kikapona. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuogopa maji. Hakurudi shuleni tena. Nimekuwa mtu mzima, nimezika watu wengi, lakini kifo kile sijakisahau.

Basi, tangu siku hizo nimekuwa nikijiuliza: mbwa wa maskini atatibiwa na nani? Hata lugha yetu inatoa ushahidi. Daktari wa wanyama tunamwita "bwana mifugo". Kazi yake tunaijua: ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku. Mbwa na paka aghalabu hatuwahesabu katika mifugo. Wanalinda nyumba, wanakamata panya, lakini wakiugua hawana bwana wala bibi.

Twende London, katikati ya karne ya 19. Lilikuwa jiji kubwa kuliko yote duniani wakati ule, lenye utajiri mwingi na umaskini mwingi vikikaa mitaa ya jirani. Barabara zilijaa farasi, punda, matope, na mbwa wasio na mwenyewe. Katika eneo la Holloway aliishi mama mmoja, Mary Tealby, aliyekuwa ametengana na mumewe. Hakuwa mtu wa cheo. Mwaka 1860, pamoja na wenzake wachache, aliweka makao katika banda la farasi akayaita Makao ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa. Neno "muda" lilikuwa na maana yake. Nia ilikuwa kumpokea mbwa, kumlisha, kumtunza, kisha mwenyewe amfuate au apatikane mtu mwema wa kumchukua.

Magazeti yalimcheka. Gazeti kubwa la The Times lilimfanyia mzaha, likaona kwamba huruma sasa imevuka mpaka na kuingia wazimu. Hoja ilikuwa ileile ya mguno niliousema: watu hawana makao, na nyinyi mnajengea mbwa? Lakini mwaka 1862 gazeti lililohaririwa na mwandishi Charles Dickens lilichapisha makala iliyolinganisha maonyesho mawili ya mbwa. La kwanza lilikuwa la matajiri, lenye mbwa waliochanwa manyoya na kupewa tuzo. La pili lilikuwa lile banda la Holloway, lenye mbwa wakondefu waliosimama kila mlango ulipofunguliwa wakidhani wamefuatwa na wenyewe. Msomaji aliachiwa aamue mwenyewe ni wapi moyo wa jiji unapopimwa.

Mama Tealby alifariki mwaka 1865. Kazi haikufa. Mwaka 1867 sheria iliwapa polisi wa London mamlaka ya kukamata mbwa wanaozurura, na makao yale yakawa mahali pa kuwapeleka. Mwaka 1871 yalihamia Battersea, ng'ambo ya kusini ya mto Thames, na mwaka 1883 yakaanza kupokea paka. Yako huko mpaka leo.

Nisikudanganye, ndugu msomaji. Makao hayakuwa pepo. Mbwa walioletwa walikuwa wengi kuliko waliofuatwa, na wasiopata wa kuwachukua waliuawa, tena kwa maelfu. Hilo ni somo la kwanza la historia hii. Nyumba ya mbwa waliopotea, hata iwe nzuri vipi, hujaa. Ni kama kukinga ndoo chini ya paa linalovuja. Ndoo ni ya lazima, lakini lazima apatikane pia mtu wa kupanda juu ya paa.

Aliyepanda juu ya paa alikuwa mama mwingine, Maria Dickin. Alizaliwa London mwaka 1870, binti wa mhubiri. Sasa sikiliza jambo hili kwa makini, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Maria Dickin hakwenda mitaa ya maskini kutafuta wanyama. Alikwenda kutazama watu. Alikuwa akiwatembelea maskini wa mashariki ya London, mitaa ya makuli wa bandarini na wachuuzi wa mikokoteni, familia nzima chumba kimoja. Ni katika kuwajulia hali watu ndipo alipowaona wanyama waliokuwa wakiishi nao: mbwa wenye upele mpaka ngozi imebaki tupu, paka waliovunjika miguu wakijikokota katika mitaro, punda wenye vidonda chini ya hatamu, mbuzi na sungura wagonjwa nyuma ya nyumba.

Na aliona kitu kingine. Wenye wanyama hao hawakuwa wakatili. Walikuwa hawana fedha. Mchuuzi alijua punda wake anaumia, lakini asipomtoa leo watoto hawali leo. Mama alijua mbwa ana upele na analala na watoto, lakini ada ya daktari ilikuwa kubwa kuliko posho ya nyumba. Maria Dickin akaona kwamba pale ambapo wengi walimwona mwovu wa kuadhibiwa, palikuwa na maskini wa kusaidiwa.

Tarehe 17 Novemba 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alifungua chumba cha matibabu katika Whitechapel. Kilikuwa chumba cha chini ya ardhi alichoazimwa. Nje akaweka tangazo: leteni wanyama wenu wagonjwa, wa aina yoyote, matibabu yote ni bure. Wapo waliomwambia kwamba maskini hawatakuja, maana hawajali. Walikuja. Walikuja na mbwa mabegani, paka katika vikapu, punda kwa kamba, mpaka polisi wakahitajika kupanga foleni barabarani. Chumba kikawa kidogo, ikabidi ahame.

Shirika lake aliliita, kwa tafsiri yetu, Zahanati ya Watu kwa Wanyama Wagonjwa wa Maskini. Lichunguze jina hilo. Zahanati ni ya watu. Wagonjwa ni wanyama. Na wanyama ni wa maskini. Katika miaka ya 1920 akatengeneza zahanati ya kukokotwa na farasi, ikatembea mji kwa mji, maana alijua kwamba maskini hana nauli ya kumfuata daktari.

Upinzani ulikuwepo, na safari hii haukutoka kwa wacheshi wa magazeti tu. Madaktari wa wanyama walilalamika kwamba watu wasiosomea udaktari wanatibu. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, kwani tiba ya bure iliyo mbaya si fadhila. Ilichukua miaka mingi ya ubishi, mpaka sheria ya mwaka 1948 ikaweka utaratibu wa nani anaruhusiwa kutibu mnyama. Shirika likafuata utaratibu huo, likaajiri madaktari wenye vyeti, na kazi ikaendelea. Maria Dickin alifariki mwaka 1951. Zahanati zake zipo hadi leo.

Kabla hatujaondoka London, kuna jambo moja la mwaka 1939. Vita vya Pili vilipotangazwa mwezi Septemba, watu walishikwa na hofu ya mabomu na ya uhaba wa chakula. Katika siku nne tu za mwanzo, mbwa na paka wapatao 400,000 wa jiji hilo waliuawa kwa ridhaa ya wenyewe. Walipiga foleni mitaani kuwapeleka kuuawa. Mabomu yalikuwa hayajaanza. Yalipoanza kweli mwaka 1940, wengi walijutia haraka yao, na vikosi vya zahanati za Maria Dickin vilikuwa vikichimbua vifusi kuwatoa wanyama waliofukiwa wakiwa hai. Hofu ni mshauri mbaya. Huua kwanza, hufikiri baadaye.

Na hofu hiyo inaturudisha kwenye ugonjwa ambao ndio sababu ya bunduki za alfajiri: kichaa cha mbwa.

Hapa tuseme ukweli mtupu. Kichaa cha mbwa ni tishio la kweli. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu 59,000 kila mwaka, walio wengi Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote hao wameambukizwa na mbwa. Kwa hiyo anayesema tuwaache tu mbwa wazurure hajawahi kumwona mtoto anayeogopa maji. Mimi nimemwona.

Swali ni moja tu: je, kuwaua mbwa kunaondoa ugonjwa?

Tuuulize mji wa Istanbul. Kwa karne nyingi mji ule uliishi na mbwa wa mitaani, na watu wa kila mtaa waliwalisha. Mwaka 1910 wakuu wa mji, wakitaka uonekane wa kisasa, waliwakusanya mbwa kwa makumi ya maelfu, wakawapeleka katika kisiwa kikavu cha Sivriada na kuwaacha huko bila chakula wala maji. Walikufa kwa njaa na kiu, na kilio chao kilisikika ng'ambo ya maji. Je, mbwa waliisha Istanbul? La hasha. Waliongezeka tena. Mwaka 2004 Uturuki ilitunga sheria ya kuwakamata mbwa, kuwafunga uzazi, kuwachanja na kuwarudisha mitaani. Sehemu nyingi hazikuitekeleza ipasavyo, na mwaka 2024 sheria ikabadilishwa ili mbwa waondolewe mitaani na kuwekwa katika makao. Mabishano yalikuwa makali sana. Zaidi ya miaka 100 baada ya Sivriada, mji bado ulikuwa na swali lilelile.

Sababu yake wataalamu wanaieleza vizuri. Ukiua mbwa wa mtaa, jalala bado lipo, na chakula kilicho jalalani kitaita mbwa wengine kutoka mtaa wa pili. Hao wageni hawajachanjwa. Zaidi ya hayo, risasi haichagui. Inamuua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, yaani inabomoa ukuta uleule unaotukinga. Na mwenye mbwa, akisikia gari linakuja, humficha mbwa wake au kumpeleka kijiji kingine, na ugonjwa ukasafiri naye. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuua mbwa ovyo hakuzuii kichaa, bali kuchanja kunazuia. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukafa wenyewe.

Utasema, hayo ni ya vitabuni na ya Wazungu. Basi njoo Pemba. Katika kisiwa hicho kichaa cha mbwa kiliua watu. Kuanzia mwaka 2010 zikafanywa kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima, na ilipofika mwaka 2014 ugonjwa ukakatika. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje, maana bahari si ukuta. Haukukimbiliwa kwa bunduki. Chanjo zikarudishwa, wagonjwa na walioumwa wakafuatiliwa mmoja mmoja, na ilipofika mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Kisiwa chetu wenyewe, chenye watu wengi wasiogusa mbwa kwa sababu za dini, kimeonyesha njia kwa kumchoma mbwa sindano.

Njoo pia Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa uliua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa mbuga ile, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka. Tangu miaka hiyo ya 1990 mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa bila malipo. Watoto wanawaleta kwa kamba za katani, wanapanga foleni chini ya mti, kama walivyopanga makuli wa Whitechapel. Maskini ni yuleyule, na akifunguliwa mlango huja.

Na Lamu je? Mwaka 1987 ilifunguliwa huko hifadhi ya punda yenye matibabu ya bure, na wenye punda wakawaleta. Nairobi nako kuna chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanza mwaka 1910, enzi za ukoloni, ambacho kimepokea mbwa na paka wengi waliotupwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Kwa hiyo mambo haya si ya kigeni kwetu tena. Yamekwisha ingia katika vitabu vyetu vya sheria. Yaliyobaki ni kuingia mtaani.

Nawageukia sasa ndugu zangu wa mwambao watakaosema kwamba mbwa ni najisi. Mate yake yana hukumu zake, na kila mmoja afuate mafundisho yake. Lakini tangu utotoni tumesimuliwa hadithi ya aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na akasamehewa dhambi zake. Tumesimuliwa pia ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, na adhabu iliyompata. Sijasikia mahali popote ambapo najisi imehesabiwa kuwa ruhusa ya ukatili.

Sasa turudi kwenye ule mguno. Watu hawana dawa, na nyinyi mnatibu mbwa? Jibu la historia ni hili: aliyefungua chumba kile cha tiba ya bure Whitechapel alikuwa mtu aliyekwenda kuwatazama watu. Upele wa mbwa uko kitanda kimoja na mtoto. Kichaa cha mbwa kiko njiani kwenda shule. Punda akianguka, nyumba nzima imeanguka. Chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi mara nyingi kuliko mfululizo wa sindano anazohitaji binadamu aliyeumwa, na mara nyingi sindano hizo hazipatikani zahanati ya jirani, zikipatikana bei yake ni ya kuuza mbuzi. Aliyemtibu mbwa wa maskini amemtibu maskini.

Simtaki mtu yeyote ajenge jumba la mbwa. Nataka siku za chanjo ya bure zitangazwe mtaani kwa kipaza sauti, kama tunavyotangaziwa mambo mengine. Nataka jalala lizolewe, maana ndilo linalolisha mbwa koko. Nataka mbwa na paka wafungwe uzazi na wataalamu, ili tusizalishe leo tutakaowapiga kesho. Nawe mwenye mbwa, siku ya chanjo ikitangazwa, usimtume mtoto peke yake na usiseme utakwenda mwakani. Na mtu akiumwa na mbwa, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu, kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku ileile. Usingojee kipone. Yule mwenzetu wa darasani, kidonda chake kilipona.

Wazee walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Maana yake, kiumbe hupata nguvu ya kuogelea akiliona tumaini mbele yake. Bibi wa genge hakuwa na ufuko wa kuuona. Hakuna aliyempitia na sindano, alipitiwa na bunduki tu. Laiti gari lile la alfajiri lingebeba chanjo, mbwa mwekundu angeamka chini ya meza yake, na huenda darasa letu lingemaliza shule likiwa na idadi yake kamili.

Tuonane juma lijalo, panapo majaliwa.